Swali la Leonsia wa Rulenge

Ukipandisha barabara ya kwenda Boma la Biharamulo, kabla hujafika kwenye zile ofisi ambako watu huingia na bahasha na kutoka wameambiwa waje kesho, kuna kona yenye benchi refu la kanisani. Lilitolewa kigangoni mguu wake mmoja ulipolegea, likaja kuwekwa mbele ya kibanda cha Niyonzima fundi cherehani, na tangu hapo halijasikia sala tena, limesikia ubishi tu. Pembeni yake kuna Kwandu, mama wa Kisukuma mwenye maneno machache na birika kubwa, ambaye huuza kahawa kuanzia saa nane mchana mpaka birika likauke. Mnara wa simu umesimama nyuma ya kibanda, kwa hiyo mtandao pale unashika kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji. Ndiyo sababu Mzee Protasi, fundi baiskeli aliyestaafu, mtu wa miaka sitini na minane, hufanya mazoezi yake pale pale benchini kila Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, mpita njia aone, asiyepita aje asimuliwe.

Wenzake walimwita Kocha, naye alilipokea jina hilo kwa sababu lilikuwa bora kuliko mgonjwa. Mwaka juzi alitibiwa Mwanza saratani ya tezi dume, akarudi nyumbani miguu inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Wakamwingiza kwenye kundi la wazee waliopona saratani, watu kumi na wawili wa wilaya mbalimbali, wanaokutana kwenye simu na kufanya mazoezi pamoja wakiongozwa na mwalimu mmoja wa viungo aitwaye Claudia. Kila mzee yuko kwake, na kila mmoja anaonekana ndani ya kijidirisha chake kwenye kioo cha simu. Claudia akisema simama bila kushika kiti, wazee kumi na wawili wanasimama bila kushika kiti. Akisema vuta mpira, wanavuta. Wenzake wengine walinunuliwa mipira maalumu na watoto wao. Protasi alikata tyubu ya baiskeli, akaona kazi ni ile ile.

Jumanne hiyo somo lilikuwa limeisha. Protasi alikaa na tyubu yake shingoni, simu bado imeegemezwa kwenye cherehani ya Niyonzima, akawa anakitazama kioo.

– Hayupo tena leo, akasema.

Hakuna aliyeuliza nani. Benchi zima lilimjua Leonsia, mama wa Rulenge, ambaye kijidirisha chake kilikaa juu ya cha Protasi upande wa kushoto. Waliujua ukuta wake uliopakwa rangi ya bluu nusu, kalenda yake ya jimbo, na kuku wake mmoja asiye na adabu aliyezoea kukatiza katikati ya mazoezi. Walijua kwamba alikatwa titi, kwamba alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwamba akicheka hujishika magoti. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, mara ya sita, kijidirisha hakifunguki.

– Bando, akasema Niyonzima bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. Hiyo ni bando tu, Kocha. Bando likikata, hata waziri hapatikani.

Huyu Niyonzima benchini ndiye Bunge. Alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kufunga hoja hata moja tangu azaliwe. Hoja zake huahirishwa tu, tena kwa shida.

– Wiki tatu, Bunge? Bando gani ra wiki tatu?

Huyo alikuwa Niyibizi. Alilinda geti la hospitali miaka ishirini na miwili, akastaafu na kofia ya kazi kichwani na magonjwa yote ya dunia ulimini, ndiyo maana wakamwita Daktari. L na r kwake hupokezana zamu, na hakuna anayejua ipi iko kazini mpaka neno litoke.

– Basi wewe sema ni nini, Bunge akamwambia.

– Simu ire si yake. Ni ya mwanae, mwarimu. Shure zimefunguliwa, mwarimu kaondoka na simu yake. Mama yuko nyumbani, mzima, anapalia mihogo na anawaza sisi tumekufa.

Protasi alilipenda jibu hilo. Alilipenda kwa sekunde kama tano hivi, kisha akakumbuka.

– Shule zilifunguliwa mwezi uliopita. Na baada ya hapo alikuwepo.

– Basi ni sola, akasema Bunge. Mvua hizi za sasa, jua liko wapi? Sola haili giza.

– Mara sita, Bunge? Protasi akauliza.

– Ngoja kwanza. Sijamaliza hoja. Bunge akaweka sindano kinywani, akaitoa. Mimi nilivyoona, pale kwenye kundi kuna madaraja. Mtu anaanza, anapanda, anapanda, siku moja wanamwambia mama, wewe sasa umepona moja kwa moja, huhitaji kunyanyuanyanyua visigino, nenda nyumbani. Wamemfuta kwenye daftari la wagonjwa. Amehitimu.

– Bira kuaga? akauliza Daktari.

– Wewe ulipostaafu geti ulimuaga nani?

– Niriaga. Rakini hilo la kuhitimu halipo. Nimekaa pare getini miaka ishirini na miwili, nimeona wanaoingia na wanaotoka. Kupona ni cheo cha muda. Unakaimu tu.

Neno hilo liliwafikia wote, na Daktari mwenyewe akalijutia. Kwandu alimtazama kwa jicho ambalo kwa mtu mwenye maneno machache ni hotuba. Protasi akavuta tyubu yake, mara moja, mara mbili, bila mwalimu.

Bunge akaona hali imeharibika, akaamua kuichangamsha.

– Ameolewa, akasema. Mnacheka nini, sikilizeni. Yule mzee wa Muleba, wa kofia ya kijivu, mjane. Ijumaa alikuwepo?

– Hakuwepo, akasema Protasi.

– Ijumaa ile nyingine?

– Alikuwepo, akatoka mapema.

– Hesabu hiyo mnaishindwa nyie. Mzee wa kofia amefunga safari, amefika Rulenge, amekuta mama wa watu ana afya, ana kuku, anajua kusimama bila kushika kiti. Mwanaume anataka nini zaidi?

Walicheka kidogo, hata Protasi, ingawa alisikia kitu kikimchoma chini ya mbavu. Hakikuwa wivu, maana katika umri ule wivu unahitaji nguvu za kuazima. Alihisi tu kwamba kama ni kweli, angestahili kuambiwa. Kwa miezi minane alikuwa amemwambia Leonsia mambo mengi kuliko aliyowahi kumwambia binadamu yeyote tangu mkewe afariki. Dakika tano za mwisho za kila somo Claudia huwaachia wazee wasalimiane, na hapo wengine wakiulizana habari za mvua na presha, Protasi alikuwa akimgeukia Leonsia tu. Alimsimulia baiskeli yake ya kwanza. Alimsimulia barabara ya Nyakahura ilivyokuwa enzi za wakimbizi, jinsi alivyoziba pancha za watu waliokuwa na godoro na mtoto juu ya keria moja. Leonsia hakuwa akijibu kwa maneno mengi. Alikuwa akitikisa kichwa, akijishika magoti, akicheka.

Mwanzoni kipaza sauti kilimsumbua. Siku moja Claudia alimwambia akibonyeze, akakibonyeza, na kelele za bodaboda zikaingia kwenye simu mpaka wazee wote wakaziba masikio. Bunge ndiye aliyemwokoa. Alimwonyesha alama ya kile kipaza sauti, kwamba kikiwa na mstari mwekundu ndiyo kiko hewani, maana nyekundu ni moto, na hata taa ya redioni mtangazaji akiongea huwa nyekundu. Protasi akarudisha mstari mwekundu, kelele zikakoma, na hakukigusa tena. Baadaye Claudia aliacha kumkumbusha, akawa anampungia mkono tu.

– Bunge, hilo la ndoa rimekufa, akasema Daktari, akijaribu kulipa deni la ulimi wake. Mimi nina rangu. Rulenge ni karibu na mpaka. Minara ya Burundi ina nguvu. Hujawahi kufika kure simu ikakuandikia karibu Burundi?

– Nimewahi, Bunge akakiri.

– Basi. Mnara wa ng'ambo umeikamata simu ya mama. Anafungua kama kawaida, anaingizwa kundi ra Muyinga. Sasa hivi anafanya mazoezi na wazee wa Muyinga, wanahesabiwa kwa Kifaransa. Na kosa si rake. Kule saa zao ziko nyuma kwa saa moja. Sisi tukiwa tumemariza, yeye simu yake ndiyo kwanza inamwambia saa kumi.

Bunge alitaka kupinga, kisha akaona wivu. Hiyo ilikuwa hoja nzuri kuliko zake zote.

– Kwa hiyo saa kumi na moja yetu, Protasi akauliza polepole, ndiyo saa kumi yao?

– Ndiyo hiyo hiyo.

– Kwa hiyo anaweza kuwa anaingia tukishatoka. Anakuta hatupo.

Hakuna aliyetegemea kwamba angeamini. Protasi akaichukua simu, akaangalia saa. Ilikuwa kumi na dakika hamsini. Akaibonyeza, akaingia tena kwenye chumba cha mazoezi ambamo hakukuwa na mtu, akairudisha kwenye cherehani, akaketi mbele yake na mikono magotini. Mzee huyu aliyefundisha nusu ya mafundi baiskeli wa wilaya alijua vizuri kwamba mnara wa Burundi haumchukui mtu. Lakini dakika kumi zilikuwa si nyingi, na hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Alichokuwa akikingoja hakikuwa mazoezi. Jumanne ya mwisho waliyoonana, Leonsia alimwuliza swali. Claudia alikuwa ameshawaruhusu, wazee wanaagana, vijidirisha vinazimika kimoja kimoja, na Leonsia akasogea karibu na kioo mpaka ikabaki sura tupu. Akasema kwa Kihangaza, taratibu, neno moja:

– Uratinya?

Unaogopa? Watu humuuliza mgonjwa anaendeleaje, anakulaje, analalaje. Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, si watoto wake wala padri. Protasi alitazama nyuma. Bunge na Daktari walikuwa wakirushiana maneno ya Simba na Yanga kwa sauti ya kuvunja mabati, hawana habari naye. Basi akajiinamia kwenye simu, akamjibu. Alimwambia ndatinya, naogopa, naogopa kila nikienda haja ndogo, maana naangalia kama kuna damu. Alimwambia kwamba neno umepona lilimtisha kuliko neno saratani, kwa sababu siku walipolisema walimfungia faili na kumwacha peke yake. Kisha akamwambia la moyoni kabisa. Mwezi wa nne alitakiwa kwenda Mwanza kupimwa upya. Aliaga wote, akapanda basi, akafika Bwanga, akashuka. Alikaa Bwanga mpaka jioni, akila karanga, akapanda gari la kurudi, na kesho yake akaja benchini akawaambia vipimo ni safi, akawanunulia kahawa wote. Wakampongeza. Kwandu alimpa na kikombe cha nyongeza.

Alimwambia Leonsia yote hayo, na Leonsia alikuwa akimtazama midomo, machozi yanamtoka. Kisha kijidirisha kikazimika. Usiku huo Protasi alilala usingizi ambao hakuulala kwa miaka miwili, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mmoja duniani anayejua.

Ilipotimu saa kumi na moja, hakuna kijidirisha kilichofunguka. Ilipotimu na dakika tano, mwanamke wa miaka thelathini na kitu akasimama mbele ya benchi. Alikuwa na begi la safari, viatu vyenye vumbi jekundu la njia, na kitambaa cheusi kimefungwa kichwani.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, wakaitikia.

– Namwulizia Mzee Protasi wa mazoezi. Pale stendi wameniambia yuko hapa.

– Ndiye huyu, akasema Bunge. Na wewe ni nani mwenzetu?

– Naitwa Joan. Mimi ni binti wa Leonsia wa Rulenge. Nafundisha shule ya msingi huku Nyabusozi. Nilikuwa nyumbani, ndiyo narudi kazini.

Daktari alivua kofia. Alikuwa amekitazama kile kitambaa tangu kilipotokea, na miaka ishirini na miwili ya geti ilikuwa imemfundisha kukisoma. Kwandu akamimina kikombe akampa yule dada bila kuulizwa.

– Tulimzika Alhamisi ya wiki iliyopita, akasema Joan.

Wakampa pole, mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake. Protasi alisema pole yake mwisho, na ilipotoka aliona ni neno dogo mno, akatamani angekuwa na jingine. Moyo wake uliuma waziwazi, kama unavyouma kwa ndugu, na aibu ikamshika pamoja na uchungu, maana hakujua ni kwa haki gani anamlilia mama wa watu ambaye hajawahi hata kumshika mkono.

– Ilirudi, Joan akaendelea. Kwenye mifupa, kisha mapafuni. Alikuwa anajua tangu mapema, alituficha. Mazoezi hakuacha mpaka aliposhindwa kukaa.

– Alikuwa anajua, akasema Protasi.

– Alikuwa anajua.

Kwa hiyo siku ile ya swali alikuwa anajua. Protasi aliinama, akatazama mikono yake.

– Mama alikutaja sana, mzee, akasema Joan, na sauti yake ikalainika. Nyumbani kote unajulikana. Bubu wangu kasema hivi, bubu wangu kasema vile.

– Bubu?

– Nisamehe. Ndivyo alivyokuita, kwa upendo. Alidhani saratani yako ilikuwa ya koo, kwamba walikutoa sauti. Uliongea sana, midomo inacheza, lakini sauti haikuja hata siku moja. Mimi nilimwambia, mama, huyu mzee si bubu, kipaza sauti chake kimefungwa, si unaona kina mstari mwekundu. Akakataa. Akasema mtu hawezi kukaa miezi minane na mstari mwekundu. Alikuwa anakuombea kwenye rozari, sauti irudi.

Wote wakamtazama Bunge. Bunge alikuwa ameishika ile suruali kwa mikono miwili, na sindano imeanguka mahali.

– Nilijua nyekundu ni moto, akasema kwa chini sana. Kocha, nilijua hivyo kweli.

Protasi hakumkasirikia. Hakuwa na nafasi ya kukasirika. Alikuwa akirudi nyuma kuokota moja moja, ile baiskeli, zile pancha za Nyakahura, ugonjwa wa marehemu mkewe, na kila alichookota kilikuwa hakijafika popote.

– Lakini alikuwa anacheka, akasema. Nilikuwa nikimwambia kitu, anacheka.

– Alicheka kweli. Alikuwa anayatunga maneno yako mwenyewe, akiangalia mdomo. Jioni anatusimulia. Leo bubu wangu kaniambia ng'ombe wake kazaa mapacha, wote majike.

– Sina ng'ombe.

– Sasa najua, mzee.

Kwandu aligeukia jiko lake, akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Joan alinywa kidogo, akakishika kikombe kwa mikono miwili.

– Kuna kitu kimoja alinituma. Siku ya mwisho kwenye mazoezi alikuuliza swali, akasema ulimjibu kwa muda mrefu sana. Alikutazama mpaka akalia. Lakini hakuweza kulitunga jibu. Mengine yote aliyaweza, hilo alisema hawezi kulitunga, ni lako. Akaniambia, Joan, ukipita Biharamulo umtafute, umwulize upya, yuko kona fulani ana benchi nyuma yake, na kama ni bubu kweli akuandikie. Nikamwambia mama, nikimwuliza nikuletee wapi? Akasema wewe mwulize tu.

Akamgeukia kabisa, na lile neno akalisema kwa Kihangaza, alivyoachiwa.

– Uratinya?

Barabarani ilipita pikipiki imebeba magunia. Protasi alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, lote, alishalisema mara moja na lilikuwa tayari ulimini. Lakini mara ile alikuwa akilisema kwa kioo, na sasa kulikuwa na masikio ya kweli. Kulia kwake alikuwepo Bunge, kushoto alikuwepo Daktari, na mbele yake Kwandu aliyempa kikombe cha nyongeza kwa vipimo safi. Angeanza na neno la kwanza, Joan angeuliza kwa nini, naye angefika Bwanga. Akafunga kinywa.

Bunge alivuta pumzi kama mtu mwenye hoja, akaitoa bila hoja. Daktari aliikunja kofia yake, akaikunjua. Joan alingoja. Alingoja kwa heshima, bila kumharakisha, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

Honi ikapigwa upande wa stendi. Honi ya pili ikafuata.

– Hilo ni gari langu, akasema. Si lazima, mzee. Nilitumwa kuuliza, nimeuliza. Akampa Kwandu kikombe, akashukuru, akamshika Protasi mkono kwa mikono yake miwili huku amepiga goti kidogo, kama binti anavyomshika baba. Mkono wake ulikuwa na moto wa kikombe. Kisha akabeba begi lake, akashuka na barabara, na hakugeuka nyuma.

Alipokwisha kukunja kona ndipo Protasi alipoweza.

– Ndatinya, akasema.

Alilisema kwa barabara tupu. Machozi yakamtoka, akayaacha. Alimlilia Leonsia aliyekufa na rozari ya sauti yake mkononi, akiliacha swali kwa mtoto wake kama mtu anavyoacha mbegu. Alijililia na yeye, kwa sababu wiki tatu nzima alitembea akiwa mwepesi, akidhani mzigo umepokelewa, na kumbe ulikuwa mgongoni muda wote.

– Naogopa, akarudia kwa Kiswahili.

Hakuna aliyemwambia asiogope. Daktari akaivaa kofia yake, akaivua tena.

– Tunajua, Kocha, akasema.

– Mnajua nini?

– Siku ire ya swari. Bunge ariniona nimegeuka kukutazama, akaanza kunipigia kerere za Yanga. Mimi nikampigia za Simba. Mpira wenyewe haukuchezwa wiki ire.

Protasi alimgeukia Bunge. Bunge alikuwa akiitafuta sindano yake chini, na aliendelea kuitafuta.

– Tuliona ukijua tumesikia hutarudi benchini, akasema Bunge akiwa ameinama vile vile.

– Mlisikia yapi?

– Yote, akasema Daktari. Mpaka Bwanga.

Protasi akaufunika uso kwa mikono. Wenzake walikaa, mmoja huku na mwingine kule, bega kwa bega naye kwenye benchi la mguu mbovu, na Kwandu akawamiminia kilichobaki. Kilitosha vikombe viwili na nusu, akampa Protasi kile cha nusu mwisho, na yeye mwenyewe akaketi pale palipobaki.